Maziwa ya Chumba cha Mwisho

Usiku, saa ambayo hata mbwa wa jirani wamechoka kubweka, alisikia mtu ananyonya.

Hakushtuka. Mama mwenye mtoto mchanga hashtushwi na sauti hiyo. Alijivuta tu, macho ameyafumba, akapeleka mkono kumtafuta mtoto amweke vizuri. Mtoto alikuwa kule ukutani, mbali na kifua chake, amelala fofofo. Akampapasa mdomo. Umefungwa. Mkavu. Na sauti ikaendelea, inavuta, inameza, inapumua kidogo puani, inavuta tena, kama mtoto aliyepata na hataki kuachia.

Ilitoka bafuni.

Akaenda mpaka mlangoni mwa bafu bila kuwasha taa, maana wifi yake alilala chumba cha pili na taa ile ilimulika mpaka kitandani kwake, akainama, akainama zaidi, hata akawa na hakika kwamba sauti inatoka kwenye tundu la maji pale sakafuni. Akachota kopo la maji akamwaga. Kimya. Aliporudi kitandani ndipo alipogundua gauni lake la kulalia limelowa upande wa kushoto, na alfajiri alipomweka mtoto, mtoto alivuta kidogo, akaliachia titi, akamtazama mama yake usoni kama mteja aliyeuziwa chupa tupu, kisha akalia.

"Analia nini Bwana Mkubwa wangu?" Wifi aliingia anajifunga nguo. "Hebu mlete huku. Wewe nenda, utachelewa kazini."

"Hajashiba."

"Najua hajashiba, wifi. Siku hizi kwako hashibi."

Alilisema bila ubaya, lakini lilichoma. Wifi alikuwa dada mkubwa wa mumewe, hakujaliwa mtoto, na kwa kuwa mume alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, leo yuko huku kesho yuko kule, wifi alihamia kwao kusaidia kulea. Mtoto akimwona wifi alicheka mpaka miguu inarusha blanketi. Akimwona mama yake alikunja uso. Na mama mtu njia nzima ya kwenda kazini alikuwa anajiambia, kuna kitu mwanamke yule anampa mwanangu, si bure, haiwezekani mtoto wangu mimi, nimemzaa mimi, ashibe kwa mtu mwingine.

Kazini walimwita Chapuchapu, kwa sababu ulimi wake na mikono yake vyote vilikwenda mbio. Alikuwa msafisha vyumba katika hoteli, ghorofa ya tatu ni yake peke yake, toroli lake, mashuka yake, chupa zake za dawa. Msimamizi wao waliyemwita Mama Funguo, mwanamke mnene asiyecheka ovyo, ambaye kishada cha funguo kiunoni kilimtangulia kila alikokwenda, aliwafundisha kazi ile kama mtu anayefundisha dini. Kitambaa chekundu ni cha choo na hakitoki chooni. Cha njano ni cha sinki na bafu. Cha buluu ni cha vioo na meza.

"Nikimkuta mtu amefuta glasi ya mgeni kwa kitambaa chekundu," alikuwa akisema, "glasi hiyo atanywea yeye, mbele yangu, na ataniambia ni tamu."

Unaanza juu unashuka chini. Unaanza ndani unatoka nje. Dawa haikai kwenye chupa ya soda. Na dawa mbili hazikutanishwi, hata kama zinauzwa duka moja. Juu ya hayo yote, chumba kisicho na mgeni kinahudumiwa kama kilicho na mgeni, kila siku maji yapite kwenye kila bomba na kila tundu, kwa sababu chini ya sinki bomba limejikunja, na katika ule mkunjo hukaa maji kidogo yanayoziba njia. Yakikauka, njia iko wazi, na cha chini kinapanda.

"Harufu," mmoja wao aliwahi kudakia, ajionyeshe kuwa ameelewa.

"Harufu," alisema Mama Funguo, "na mengine."

Sasa kulikuwa na chumba kimoja mwisho wa korido, dirisha lake limetazama jenereta. Kila mgeni aliyepewa alirudi mapokezi na begi lake, mwishowe wakaacha kukigawa. Chapuchapu alipokuwa likizo ya uzazi, aliyeshika nafasi yake hakukanyaga mle hata mara moja. Kwa hiyo siku ya kwanza ya kurudi, alipofungua mlango, alipigwa na harufu ya bomba lililokauka, nzito, ya udongo uliooza, akafungua maji kila mahali huku ameziba pua na kumtukana mwenzake kimoyomoyo.

Akiwa ameinama pale pale kwenye sinki, matiti yakaanza kumuuma. Yalikuwa yamejaa yamekuwa mawe. Akafunga mlango, akafungua vifungo, akakamulia sinkini. Angefanyaje? Asubuhi ile alikuwa ameweka chupa ya maziwa yake kwenye jokofu la wafanyakazi, fundi mmoja akauliza kwa sauti kama hayo ni ya chai au ya kahawa, kantini nzima ikavunjika mbavu, akaichukua chupa yake na hakuirudisha tena. Hapa alikuwa peke yake, hakuna wa kumcheka. Ikawa desturi. Kila siku vyumba vikifika katikati anaingia kile cha mwisho, anakamua, anafunga vifungo, anaendelea na kazi.

Mambo mengine aliyaona akayapita, maana alikuwa na haraka. Harufu ya bomba ilikwisha, ikaja nyingine, ile ya shingoni mwa mtoto, maziwa yaliyochachuka kidogo na jasho, na alipoisikia alitabasamu akadhani ni nguo yake. Maziwa hayakutuama kwenye sinki wala hayakuacha ukungu mweupe, yalikwenda moja kwa moja, yanavutwa. Siku nyingine alisahau kufuta, kesho yake akalikuta sinki linang'aa kuliko kitambaa chochote cha njano kingeweza kuling'arisha. Tena mle ndani maziwa yalikuja kwa wingi. Nyumbani yalikuwa yanakauka.

Mtoto akaanza kukonda. Mashavu yakashuka, mikunjo ya mapaja ikapotea, zahanati wakampima wakakunja uso wakamwuliza mama anakula nini. Halafu zikaja alama. Jioni moja alipomvua nguo amwogeshe aliona shavuni na kwenye mkono duara nyekundu, ndogo, kama amefyonzwa kwa nguvu. Nyingine tumboni.

"Wifi," aliita, sauti yake chini kabisa, "njoo uone. Hii ni nini?"

Wifi akaja, akaangalia, akapeleka mkono kinywani.

"Umembusu mwanangu mpaka umemuuma?"

"Mimi?"

"Wewe si ndiye unashinda naye?"

"Tazama vizuri," wifi alisema taratibu, machozi yanamlenga. "Hapo hakuna jino hata moja. Mimi nina meno. Aliyefanya hivyo hana." Akamfunika mtoto kwa taulo. "Na ukitaka kunifukuza niambie kwa mdomo, usinisingizie. Nampenda huyu kuliko unavyojua, na hilo ndilo linalokuuma."

Walilala bila kuagana. Lakini maneno yale yalibaki kichwani, aliyefanya hivyo hana meno, na alipojivua blauzi yake gizani akapapasa titi la kushoto, alikuta duara ile ile.

Alikaa nyumbani siku mbili akidai anaumwa, hakumwacha mtoto hata dakika. Aliporudi kazini, Mama Funguo alimsimamisha ngazini.

"Ghorofani kwako kuna mgeni mwenye mtoto?"

"Hapana, mama. Wote ni watu wa mkutano."

"Basi hao watu wa mkutano wamelalamika mapokezi siku mbili mfululizo. Eti mtoto analia, hanyamazi, analia kama aliyetupwa." Alimtazama sana, kama anayesubiri kitu. "Nenda kafanye kazi."

Alifanya vyumba vingine vyote kwanza. Alivifanya vizuri kupita kiasi, akipiga pasi mashuka kwa viganja, akipanga sabuni, akirudia vioo ambavyo havikuwa na doa, mpaka hakukubaki chumba. Alipofika mwisho wa korido alikuta mlango wa kile chumba umeloa kwa ndani, matone yanateleza kwenye mbao, na harufu ya shingo ya mtoto imejaa hata inakaba. Sinkini, kwenye tundu, palining'inia uzi mweupe. Akauvuta. Ukaja polepole, unazuiwa, kama kuna anayeushikilia upande wa pili, halafu ukaachiwa kwa ghafla, na mkononi mwake ikabaki kofia ya mwanawe, ile ya kufumwa, ambayo alikuwa ameiacha nyumbani juu ya kitanda, imenyonywa mpaka imesinyaa.

"Mama," ilisema sauti ndani ya bomba.

Mwanawe alikuwa hajatamka neno lolote. Kila siku alikuwa akilisubiri, akimshindania na wifi, akimwambia mtoto kila asubuhi sema mama, usianze na shangazi, sema mama. Na sasa lilikuja, wazi, tamu, limetamkwa na kitu kilichokuwa chini ya sinki, na kabla akili yake haijamfikia, mdomo wa mama ulikuwa umekwisha kujibu.

"Abee, mwanangu."

Kikacheka. Kilicheka kicheko cha mwanawe hasa, kile cha kurusha miguu.

Hapo hofu ikageuka hasira, na hasira haikumpa nafasi ya kufikiri, alitoka nje akarudi na klorini yote iliyokuwa kwenye toroli akaimimina tunduni, kile kitu kikalia kule chini, kikakohoa, na alipokisikia kinakohoa akasema moyoni haijatosha, akachukua ile asidi ya kuondolea ukoko wa chooni akaimimina juu yake, chupa nzima, na mlango umefungwa na dirisha limefungwa, na moshi wa kijani hafifu ukapanda kutoka kwenye sinki ukamwingia puani na kooni kama mkono, akatafuta kitasa hakukiona, akatafuta ukuta hakuuona, na chini kabisa mwa kelele za kifua chake mwenyewe alisikia kile kitu kinalia, hakilii kwa maumivu, kinalia kwa kununa, kama mtoto aliyepigwa mbele ya nduguye.

Alizinduka koridoni, dirisha liko wazi, Mama Funguo ameshika taulo mbichi na ameziba pua yake kwa nyingine.

"Nimewafundisha nini?"

"Zisikutane," alinong'ona.

"Ungekufa. Mle ndani ungekufa, na ningeandika nini kwa watu wako?" Alikuwa amekaa sakafuni kando yake, yeye asiyekaa kamwe kazini, na hicho ndicho kilichomtisha Chapuchapu kuliko yote. "Sasa niambie. Usinifiche hata kidogo. Ulikuwa unamwaga nini mle?"

Akamwambia. Alimwambia kwa mkupuo mmoja, jokofu, fundi, kukamua, alama, kofia, neno. Mama Funguo alisikiliza huku ameweka kiganja juu ya funguo zake zisilie.

"Kila siku ulimpa?"

"Kila siku."

"Alipokuita, ulimwitikia?"

"Nilimwitikia, mama. Sikujua. Nilidhani, sijui nilidhani nini."

"Basi ni wako." Alivuta pumzi. "Sikiliza. Huyo hakuja kukudhuru. Alikuwa huko chini na kiu yake, njia ikaachwa wazi, ukampa kifua. Yeye anajua ana mama. Halafu kila jioni mama anaondoka, anakwenda kwa mwingine. Unafikiri anamwonaje huyo wa nyumbani? Ana wivu kama mtoto yeyote aliyeletewa mdogo wake. Kwake yeye mwanao ndiye mwizi."

"Anamtaka?"

"Anataka asiwepo."

Chapuchapu aliinama akaweka kipaji cha uso kwenye magoti. Mama Funguo akamwacha kidogo, kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeeleza namna ya kutandika kitanda, "Huyu hauawi. Ukimpiga anazidi kukung'ang'ania. Huyo wako wa nyumbani, wakati ukifika, ulikuwa umwachishe ziwa kwa kitu gani?"

"Shubiri."

"Haya. Mtoto ni mtoto."

Kesho yake mchana, wageni wakiwa kwenye mkutano wao, waliingia wawili. Mama Funguo alikuwa amepitisha maji safi mabombani mpaka harufu ya dawa ikaisha, akafungua madirisha, akaweka kabari mlangoni usijifunge. Shubiri ilikuwa kwenye kikombe, nyeusi, chungu hata kwa kunusa. Chapuchapu akajipaka.

"Usiseme neno," Mama Funguo alimnong'oneza. "Akuite, akulilie, akutukane, usimwitikie. Ukiitika hata kwa kukohoa, tumekwisha."

Akainama. Maziwa yakatoka, yakachuruzika juu ya shubiri, yakaingia tunduni yamegeuka rangi ya kutu. Yakavutwa. Kisha kimya kifupi, kimya cha mtoto anayeonja, na baada yake ikaja sauti ya kutema, maji machungu yakarushwa mpaka kwenye kioo.

"Mama."

Akauma midomo. Akakamua tena. Ikatemwa tena, na safari hii bomba likatikisika ukutani, likatikisika la chumba cha pili na cha tatu, korido nzima masinki yakaanza kugugumia moja baada ya jingine, vyoo vikavuta maji vyenyewe, na ndani ya kelele zile zote ile sauti ikawa inamwita, mama, mama, kwanza kwa kudeka, halafu kwa kwikwi, halafu kwa sauti halisi ya mwanawe anapoamka amechafuka na hamwoni mtu, ile ambayo mwili wa mama huitika kabla ya yeye mwenyewe, na maziwa yakamruka bila hata kukamuliwa, yakalowesha sakafu, na mikono yake ikajikuta imenyooshwa kuelekea kwenye tundu kama inataka kumbeba, na Mama Funguo akamkumbatia kwa nyuma akambana mdomo kwa kiganja kilichonuka sabuni, wakabaki hivyo, wanawake wawili wamegandana juu ya sinki, mpaka sauti ikaanza kwenda mbali, bomba kwa bomba, inashuka ghorofa ya pili, inashuka ya kwanza, inanung'unika, inakata.

Mama Funguo akafungua maji, akaziba tundu kwa kizibo, akachukua kitambaa cha njano akafuta sinki, juu kushuka chini.

"Jipanguse," alisema. "Una macho mekundu."

Jioni ile mtoto alinyonya mpaka akalala na titi mdomoni. Alama zikapauka zikaisha. Mashavu yakarudi. Mama alikwenda kupiga goti mbele ya wifi yake, wifi akamwinua akamwambia aache mambo ya kuigiza, mtoto anataka kubadilishwa nguo, na wakacheka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Mtoto aliposema neno lake la kwanza alisema "shangazi" nusunusu, na mama hakuona wivu hata chembe. Alijipima mwenyewe, hakuuona.

Mama Funguo akamhamishia chumba cha kufulia, chini, kwenye mashine. Ghorofa ya tatu akapewa mwenzao waliyemwita Kicheko, aliyekuwa ametoka likizo ya uzazi wiki ile ile, binti mnene, mchangamfu, blauzi yake ina madoa mawili ya maziwa yasiyomshughulisha.

Walikutana kwenye mashine, Kicheko ameleta mashuka.

"Shoga, ghorofa yako tamu," alisema. "Hasa kile chumba cha mwisho. Wanasema kibaya, mimi nakipenda. Matiti yakinizidi naingia pale napunguza mzigo. Sijui nikwambieje, nikitoka mle najisikia mwepesi, nina raha, kama kuna mtu kaniombea."

Chapuchapu alishika shuka lililoloa akasahau kulikamua.

"Kizibo," alisema.

"Kipi?"

"Cha sinki. Kilikuwepo."

"Ah, kile. Si nilikitoa. Ningemwaga wapi?"

Alitaka kumwambia. Maneno yalikuwa yamejipanga mdomoni, toka humo, usirudi, usimwitikie. Lakini yaliyotoka yalikuwa mengine, na aliyasikia kama yamesemwa na mtu wa pembeni.

"Anapenda upande gani?"

Kicheko akakunja uso, akatabasamu. "Nani?"

"Mwanao. Nauliza mwanao."

"Wa kulia. Wa nyumbani siku hizi hapendi wowote, ananisumbua," alisema Kicheko, akabeba kapu lake tupu akapanda ngazi, anaimba.

Yeye alibaki pale. Kitu kilikuwa kimemkaa chini ya moyo, kikali, cha moto, na ilimchukua muda kukitambua, kwa sababu hakikuwa hofu, hofu aliijua. Upande wa kulia. Kwake kile cha bombani kilikuwa kinapenda wa kushoto. Alihisi blauzi inalowa, kushoto, joto, maziwa yanamtoka kwa ajili ya mtoto ambaye hakumzaa na ambaye sasa alikuwa anashibia kwa mwanamke mwingine.

Funguo zililia mlangoni.

"Umeongea naye," alisema Mama Funguo.

"Kwa nini ulimweka kule? Mama, ulijua. Unajua ana mtoto."

"Kulikuwa na mwanamke mwingine kabla yako, na mwingine kabla yake." Aliongea polepole, macho yake kwenye mashine inayozunguka. "Aliyeachishwa huwa anatafuta. Asipopata pengine, anarudi kwa anayemjua. Ukimwambia mwenzio leo, leo hii ataacha, na usiku huu mimi na wewe tunajua atakwenda nyumba gani."

Mashine ikafika mwisho, ikasimama.

"Mwanao ameamkaje?"

"Salama."

"Ameshiba?"

"Ameshiba."

"Huyo binti nitamletea shubiri wakati ukifika. Nitamwachisha kama nilivyokuachisha wewe. Lakini asijue kutoka kwako, na wala wifi yako asijue, na mumeo akirudi safari asijue. Niangalie. Sema."

Alimwangalia. Alifikiria mashavu ya mwanawe, mikunjo ya mapaja iliyorudi, na alifikiria mtoto wa Kicheko ambaye hakumwona hata kwenye picha, na chini ya yote hayo kile kitu cha moto kikamwuliza kwa upole, je, Kicheko akiacha kweli, yule wa bombani si atarudi kwako?

Akabana mkono juu ya titi la kushoto, akalikandamiza mpaka likauma.

"Sitasema, mama," alinong'ona. "Sitamwambia mtu mwingine."